Kutalii Mbeya na Milima Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wageni huyarudia tangu wanapokata tiketi hadi wanaposimama njia panda ya Uyole wakitafuta gari la Tukuyu. Tumeanza na ya msingi, yale ya hali za pekee yako mwishoni. Jambo moja tuliseme mapema: Mbeya si kituo cha kulala usiku mmoja ukisubiri basi la mpakani, Tunduma au Kasumulu. Anayepita hivyo huondoka akiwa ameona malori na vumbi tu, na tunasikitika kila tunapomsikia akisema kwamba Mbeya hakuna kitu.

## Kabla ya kufunga safari

Mbeya kuna nini hasa cha kutazama?

Ukiuliza katikati ya jiji vivutio viko wapi, utanyooshewa kidole kuelekea milimani. Jiji liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kaskazini lina safu ya milima ya Mbeya, na kusini mashariki safu ya Uporoto. Hapa ndipo matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana, na ndiyo sababu eneo dogo namna hii lina volkano zilizolala, maziwa ya kreta, maji moto na miamba iliyotokana na moto wa ardhini.

Vivutio vingi viko nje ya mji, kwa pande nne. Kusini, barabara ya Tukuyu na Kyela, kuna Ziwa Ngozi, Kijungu, Daraja la Mungu, Mlima Rungwe, maporomoko ya Kaporogwe na ufukwe wa Matema. Mashariki kuna Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Magharibi kuna Kimondo cha Mbozi na maji moto ya Songwe. Kaskazini kuna vilele vya Loleza na Mbeya pamoja na barabara ya kwenda Chunya.

Siku ngapi zinatosha?

Tatu kamili, kwa maana ya kulala usiku tatu au nne. Siku ya kwanza nenda kusini: Ngozi asubuhi, Kijungu na Daraja la Mungu mchana. Ya pili panda Loleza au nenda Mbozi. Ya tatu ni ya Kitulo, kama maua yako msimuni. Matema inahitaji usiku wake peke yake, usiibane ndani ya siku ya mambo mengine.

Kama una siku moja tu, usihangaike kuchagua. Nenda kusini.

Nije mwezi gani?

Inategemea unataka kuona nini, kwa sababu mambo mawili makubwa ya huku yanapingana. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Msimu huo ndio Kitulo inapochanua, hasa Desemba hadi Aprili, lakini ndio huohuo njia za Ngozi na Rungwe zinakuwa tope tupu. Kuanzia Juni hadi Oktoba njia ni kavu na vilele vinaonekana, lakini Kitulo ni nyasi na upepo.

Wilaya ya Rungwe haifuati sana kalenda ya mjini. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na manyunyu yanaweza kukukuta hata mwezi ambao Mbeya mjini jua linawaka. Beba koti la mvua ukielekea huko, mwezi wowote.

Baridi ni kali kweli?

Juni hadi Agosti, ndiyo. Usiku jijini joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na Kitulo asubuhi utakuta nyasi zina barafu. Mgeni kutoka Dar au Tanga aje na sweta nzito, soksi na kofia. Usipokuwa navyo, mitumba ya Mwanjelwa itakuvisha vizuri kwa bei nafuu.

Basi, treni au ndege?

Basi kutoka Dar es Salaam ni kilomita zaidi ya 800, ni safari ya mchana kutwa au usiku kucha. Ukiweza, safiri mchana: utapita katikati ya Mikumi na kupanda mlima Kitonga ukiwa macho.

Treni ya TAZARA ni kwa mtu asiye na haraka. Reli hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kwa ushirikiano na China na kukamilika 1975. Kipande cha kati ya Mlimba na Makambako, chenye mahandaki na madaraja marefu juu ya mabonde, ni kivutio kwa haki yake chenyewe. Ratiba hubadilika na ucheleweshaji ni wa kawaida, kwa hiyo usipange kushuka asubuhi na kupanda Ngozi mchana.

Ndege hutua Songwe, magharibi mwa jiji, uwanja uliofunguliwa 2012. Kwa usafiri kutoka uwanjani hadi mjini weka muda wa ziada: barabara kuu inabeba malori yote ya Zambia na Kongo, na kuna ujenzi wa kuipanua.

Nilale mjini au Tukuyu?

Kwa Loleza, Mbozi na Chunya, lala mjini. Kwa mambo ya kusini, Tukuyu ni afadhali kuliko watu wengi wanavyodhani: ni kilomita 70 hivi kutoka jijini, mji mdogo juu ya kilima, umezungukwa na chai na migomba, na unakuwa karibu na kila kitu kuanzia Kiwira hadi Masoko. Nyumba za wageni zipo za kutosha. Uliza kama maji ya moto ni ya bomba au ya ndoo, maana kwa baridi ile jibu lina uzito.

## Milima inayoutazama mji

Kati ya Loleza na Kilele cha Mbeya, nianze na upi?

Loleza. Una mita 2,656, na njia yake inaanzia mjini kabisa, huna haja ya gari. Mtu mwenye afya ya kawaida akiondoka saa 12 asubuhi atakuwa amerudi kwa chakula cha mchana. Juu kuna minara ya mawasiliano, na eneo lake usiliingie bila ruhusa, lakini ukiwa mgongoni mwa mlima unaliona jiji lote limelala bondeni, kutoka Uyole hadi Mbalizi, na Rungwe kwa mbali upande wa pili.

Kilele cha Mbeya kinapita mita 2,800. Ni kirefu zaidi na safari yake ni ya siku nzima. Wengi huanzia barabara ya Chunya na kutembea kwenye mgongo wa mlima, wengine hupanda kutoka upande wa Mbalizi, ambako ni mkali zaidi. Mwinuko wa vilele hivi hauleti ule ugonjwa wa milimani unaowasumbua watu Kilimanjaro, ila mtu wa pwani ataona pumzi inakata mapema kuliko alivyozoea.

Naweza kupanda peke yangu?

Hakuna mlima wa hapa tunaokushauri upande peke yako. Sababu ya kwanza ni ukungu. Unaweza kushuka ghafla saa 5 asubuhi, na njia za wakata kuni na wachungaji zikakuchanganya. Sababu ya pili ni usalama wa mali: simu na kamera kwenye njia isiyo na watu ni kishawishi.

Chukua kijana wa eneo husika kupitia ofisi ya kijiji, nyumba ya wageni au ofisi za utalii mjini. Patana bei kabla ya kuondoka, na mlipe mkisharudi. Pesa hiyo ndiyo inayowafanya watu wa pale waone faida ya msitu kubaki msitu.

Barabara ya Chunya ina nini?

Ina mandhari. Inapanda kupitia msitu wa kupandwa wa misindano wa Kawetire, inavuka mgongo wa safu, kisha upande wa pili ardhi inaanguka. Pale wasafiri wanaposimama kupiga picha unaiona tambarare ya Usangu imetandazwa chini hadi macho yachoke. Panda kosta ya Chunya au kodi gari kwa nusu siku. Chunya yenyewe ni mji wa dhahabu, na machimbo ya Lupa ndiyo yaliyoikuza Mbeya tangu miaka ya 1920.

## Kusini: Rungwe na Kyela

Ziwa Ngozi ni gumu kulifikia?

Ni gumu kidogo, na linastahili. Kutoka Mbeya panda gari la Tukuyu, mwambie kondakta akushushe njia ya Ngozi. Kutoka barabarani hadi chini ya mlima unaweza kutembea au kuchukua bodaboda. Baada ya hapo ni miguu: saa moja hivi, wengine mbili, ndani ya msitu wa mianzi na miti mirefu, ambamo ukitulia utawasikia mbega. Mwinuko wa mwisho ni mkali. Unapanda kwa kushika mizizi, udongo ni mweusi na laini, na mvua ikinyesha unateleza hatua moja nyuma kwa kila mbili unazopiga. Huoni chochote mbele isipokuwa majani. Kisha majani yanaachia, na uko ukingoni mwa kreta, ziwa la kijani likiwa mita mia kadhaa chini ya viatu vyako.

Ziwa hili limo ndani ya volkano iliyobomoka katikati. Lina urefu wa kilomita zaidi ya mbili na halina mto unaoonekana ukitoka. Joto la ardhini bado lipo, na ndiyo maana wataalamu wa jotoardhi wamekuwa wakichunguza eneo hili kwa ajili ya umeme.

Nenda mapema. Mchana ukungu unaweza kulifunika ziwa lote ukabaki unatazama weupe. Ukikuta hivyo, subiri nusu saa kabla ya kukata tamaa, mara nyingi hufunguka.

Naweza kushuka hadi majini na kuogelea?

Tunakushauri usishuke. Kuta za kreta ni wima na njia za kushuka hazijatengenezwa. Wenyeji pia wana heshima yao kwa ziwa hili na masimulizi yake, likiwamo la nyoka mkubwa anayeishi humo. Msikilize mwongozaji akikusimulia, na usimbishie.

Kijungu na Daraja la Mungu ni sehemu moja?

Ni sehemu mbili za mto mmoja, Kiwira, na haziko mbali. Zote unazifikia kutoka mji mdogo wa Kiwira, kabla ya kufika Tukuyu.

Daraja la Mungu ni mwamba uliopinda juu ya mto kutoka ukingo hadi ukingo, bila mkono wa fundi. Inaelezwa kwamba lava ilitiririka juu ya mto, ikaganda, na maji yakaendelea kuchimba njia yake kwa chini. Teremka upande wa mto ulitazame kutoka chini, maana ukisimama juu yake utadhani ni njia ya kawaida tu.

Kijungu ndicho kinachowashika watu zaidi. Mto mzima, wenye upana wa mto wa haja, unabanwa na mawe hadi unakuwa kama mfereji, unatumbukia ndani ya shimo la mviringo kama chungu, unazunguka kwa kishindo, kisha unapotea chini ya mwamba na kuibukia mbele. Kiangazi unaona kila kitu: mawe meusi yaliyolainishwa hadi yanang'aa, na vishimo vidogo vya duara vilivyochimbwa na kokoto zinazozungushwa na maji. Wakati wa masika maji hufurika na kukifunika chungu chenyewe.

Hapo tunaomba umakini wa kweli. Usiruke jiwe hadi jiwe hata ukiwaona vijana wakifanya hivyo. Anayetumbukia huvutwa chini ya mwamba. Vaa viatu vyenye soli ya kushika, na watoto washikwe mkono muda wote.

Kuna vizuizi vyovyote kufika Kijungu?

Kijungu kiko katika eneo la Chuo cha Magereza Kiwira. Unajiandikisha, unalipa kiingilio, na hupigi picha za majengo wala za askari. Tazama pia swali la picha mwishoni.

Mlima Rungwe unapandika kwa siku moja?

Ndiyo, kwa mtu mwenye mazoezi. Unakaribia mita 3,000 na ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa hiyo kibali na mwongozaji ni lazima. Wengi huanzia upande wa Isongole alfajiri na kurudi jioni wamechoka kweli.

Mlima huu ni makazi ya kipunji, nyani mwenye mkia mrefu, manyoya ya kahawia na kishungi kichwani. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua tangu zamani. Wanasayansi walimfikia 2003, na 2006 wakamwekea jenasi yake mwenyewe, ya kwanza mpya kwa nyani wa Afrika tangu 1923. Anaishi hapa, Kitulo na Udzungwa tu. Usije ukitarajia kumwona. Ni mwoga na wachache, ila ukiisikia sauti yake nzito juu ya miti, mwambie mwongozaji asimame.

Kaporogwe na Masoko je?

Kaporogwe ni maporomoko kusini mwa Tukuyu, yenye pango nyuma ya maji ambamo unaweza kusimama mto ukimwagika mbele yako. Utaloa.

Masoko ni ziwa la kreta tulivu, lina ukingo wa kijani na majengo ya mawe ya enzi za Wajerumani kandokando. Wazee wa pale husimulia kwamba Wajerumani walipokuwa wanakimbia Vita vya Kwanza vya Dunia walitupa humo fedha na silaha. Ni pazuri kwa jioni baada ya kutwa ya kutembea.

Matema inafaa kwa safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo?

Kwa ratiba inawezekana, lakini ni dhambi. Unashuka kutoka baridi ya Tukuyu kupitia mashamba ya kakao na mpunga ya Kyela hadi Ziwa Nyasa, lisilofika mita 500 juu ya usawa wa bahari, na joto linabadilika kabisa. Barabara ya Kikusya, Ipinda hadi Matema inakufikisha ufukweni, ambako milima ya Livingstone inaingia moja kwa moja majini. Lala, uione alfajiri.

Ukiweza kupanga, uwepo Jumamosi, siku ya soko la Lyulilo, hatua chache kutoka Matema. Akinamama wa Kikisi huleta kwa mitumbwi vyungu walivyofinyanga Ikombe kwa mkono, bila gurudumu, vimepakwa udongo mwekundu na mweupe na kusuguliwa hadi viteleze. Gonga kimoja kwa kidole kabla ya kununua: kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Muuzaji hatakasirika, atakugongea mwenyewe.

Tumia chandarua. Kuogelea, waulize wenyeji sehemu salama, ukae mbali na midomo ya mito ambako mamba hupatikana, na ukumbuke kichocho kipo ziwani.

## Kitulo na Mbozi

Kwa nini Kitulo inaitwa Bustani ya Mungu?

Kwa sababu ya maua. Ni uwanda wa juu, mita 2,600 hivi, uliotangazwa kuwa hifadhi ya taifa 2005, na ni ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Kuna spishi 350 hivi, zikiwamo aina zaidi ya 40 za okidi. Viazi vya okidi vilikuwa vinachimbwa kwa wingi na kupelekwa Zambia kutengeneza chakula kiitwacho chikanda, na uchimbaji huo ulikuwa sababu mojawapo ya kuhimiza ulinzi.

Usije ukitafuta simba. Hapa unatembea kwa miguu, unainama, unatazama ua la ukubwa wa kucha. Wapenda ndege nao hawatajuta.

Hamsini na Saba ni nini?

Ni barabara ya kupanda Matamba kutoka Chimala, yenye kona 57 za kujikunja. Njia hiyo inahitaji gari lenye nguvu na dereva anayeijua, na wakati wa mvua inahitaji uulize kwanza. Mwenye kuogopa urefu akae upande wa mlimani.

Kimondo cha Mbozi kinastahili safari?

Kwa maoni yetu, sana, mradi ujue unachokwenda kuona. Ni donge la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Takriban asilimia 90 ni chuma, sehemu kubwa ya inayobaki ni nikeli. Wanyiha walikijua tangu kale. Dunia ya sayansi ilikifahamu 1930. Hakuna shimo la kuanguka kwake lililobaki. Walipochimba kukizunguka waliacha nguzo ya udongo chini, ndiyo maana leo kinaonekana kama kimewekwa mezani. Pita mkono juu yake: ni baridi, kina mabonyeo kama ya vidole, na pembe moja ina alama ya msumeno palipokatwa kipande cha uchunguzi.

Kiko Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya 2016. Ukitokea Mbeya unaacha barabara ya Tunduma kabla ya kufika Vwawa. Kinasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na kuna kituo cha taarifa.

## Chakula na fedha

Nile nini ambacho sitakipata kwingine?

Ndizi za Rungwe, hasa mbalaga zilizopikwa kwa maziwa au nyama. Wali wa mchele wa Kyela, ambao harufu yake inakutangulia mezani. Parachichi za Tukuyu, na viazi mviringo vya Isongole na Uyole. Chai unywe ya hapahapa. Ukishiba, mwambie mama aliyekupikia "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa.

Ninalipaje viingilio?

Kitulo na misitu ya TFS hupokea malipo kwa namba ya malipo ya serikali, kwa simu au benki. Viingilio vya vijiji hulipwa taslimu, daima omba stakabadhi. Raia wa Afrika Mashariki hulipa pungufu kwenye hifadhi, kwa hiyo tembea na kitambulisho. Noti ndogondogo ni muhimu: bodaboda wa Ngozi hana chenji ya elfu kumi.

## Hali za pekee

Nina watoto wadogo, au nimekuja na mzazi mzee. Tufanye nini?

Daraja la Mungu, Masoko, Matema, Kimondo na barabara ya Chunya vinafikika kwa gari karibu kabisa. Ngozi na Loleza waachie wenye magoti mazima. Kijungu kinawezekana kwa uangalizi tuliotaja juu. Bibi au babu asiyeweza kutembea Kitulo bado ataiona kupitia dirisha, mkienda polepole msimu wa maua.

Naweza kurusha droni? Na kuwapiga watu picha?

Droni inahitaji kibali cha mamlaka za nchi, na hifadhini kingine tena. Usijaribu karibu na Magereza wala uwanja wa ndege. Watu waombe kwanza. Mfinyanzi wa Lyulilo akikataa, amekataa. Ukinunua chungu huenda akacheka na kukubali, lakini usikinunue kwa nia hiyo tu.

Mvua imenikamata nikiwa katikati ya njia ya Ngozi. Nipande au nishuke?

Kama bado hujafika kwenye ule mwinuko wa mizizi, shuka. Kama uko juu tayari, tulia hadi kali ipite, halafu shuka kwa kutazama mlima na si kwa kuutupia mgongo, ukitumia mikono. Fimbo ya mwanzi aliyokukatia mwongozaji, ambayo asubuhi uliiona ya nini, sasa ndiyo wakati wake.

Naendelea Malawi au Zambia. Nipange vivutio vipi njiani?

Wa Malawi, mpaka wako ni Kasumulu, kwa hiyo vyote vya kusini viko njiani kwako: shuka na begi lako, liache kwenye nyumba ya wageni Tukuyu, tembea siku mbili, kisha uendelee. Wa Zambia, unapita Tunduma, na Kimondo kiko kando ya njia yako. Vuka Tunduma asubuhi, foleni ya malori ikiwa bado haijajaa, na ubadilishe fedha benki au kwenye maduka rasmi, usibadilishe na wale wanaokimbilia dirisha la basi.